Vishoka wa umeme wametuchosha

Kishoka, yaani fundi feki wa umeme, anabisha hodi saa nane mchana, akijua nyumbani kabaki dada wa kazi tu. Kavaa kizibao cha kung'aa, bisibisi mkononi: "Mita yenu mbovu, toeni elfu hamsini nisikate umeme." Inaudhi mno!

Geti libaki limefungwa. Piga 180 mwenyewe, shirika la umeme TANESCO wathibitishe; namba atakayokupa yeye itapokelewa na mwenzake. Malipo halali yana kumbukumbu namba, hayatumwi kwenye simu ya fundi. Na akishachokonoa mita, wakaguzi watakudai wewe, yeye kashapotea. Hata maboresho ya mita za LUKU, zile za kulipia umeme kabla, ya 2024 yalikuwa bure: mteja aliingiza mwenyewe makundi matatu ya tarakimu 20, kwa mpangilio. Fundi wa nini hapo?