Nilivyoifuta Ofisi Nzima kwa Usiku Mmoja

Simu iliita saa moja kasoro asubuhi. Mhariri mkuu. Mzee huyu hapigi simu kabla ya chai, kwa hiyo niliipokea nikiwa nimeshakaa kitako kitandani.

"Shikamoo mzee."

Marahaba haikuja. Ilikuja hii: "Bwana mdogo, nimefutwa?"

Nikadhani anazungumzia kazi, nikaanza kumpa pole. Akanikatisha. Kila akiamka, mzee wetu huandika jina lake kwenye kisanduku cha kutafutia cha tovuti ya gazeti na kuangalia zinatoka makala ngapi. Wenzake wa umri ule hupima presha. Siku hiyo, badala ya makala 1,100 na kitu za siasa na uchumi, ilitoka moja: habari ya mbuzi aliyekula daftari la wakazi kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, aliyoiandika enzi hizo akiwa ripota wa kulipwa kwa stori.

"Miaka yote hii, mmeniachia mbuzi?"

Hapo ndipo usiku wa jana uliponirudia.

Tovuti yetu inaendeshwa na Drupal, programu ya kusimamia tovuti, na utafutaji wake unategemea indeksi, kitu kama faharasa ya nyuma ya kitabu: neno hili liko makala hii na ile. Ukiifuta, makala zenyewe zinabaki salama, ila hakuna anayezipata kwa kutafuta. Saa tano usiku nilikuwa na madirisha mawili meusi ya kuandikia amri kwenye laptopu, moja la saiti ya majaribio, jingine la saiti ya laivu, yamefanana kama mapacha waliovalishwa sare. Nilitaka kufuta indeksi ya majaribio nianze upya. Nikaandika drush sapi-c, amri ya kufuta indeksi, na kwa uvivu sikutaja jina la indeksi. Usipotaja, amri hiyo haikuulizi unamaanisha ipi, inafuta zote. Kuna ndugu yake mstaarabu, sapi-r, anayeweka alama tu kwamba vitu viindeksiwe upya huku data ya zamani ikiendelea kuhudumia watu. Tofauti ni herufi moja.

Ikanijibu kwa mistari mitatu, kila mmoja ukisema imefutwa kwa mafanikio. Saiti ya majaribio ina indeksi moja. Mtu mwenye macho angejiuliza hizo mbili za ziada zimetoka wapi, akagundua yuko kwenye dirisha la laivu. Mimi niliona "mafanikio", nikafunga laptopu, nikalala fofofo.

Kazi ya kujaza upya ikabaki kwa kroni, yaani ratiba ya kazi zinazojiendesha zenyewe, ambayo kwetu huamka kila saa, ikaindeksi makala 50 ikianzia za zamani, kisha ikalala tena. Kwa makala 18,400, piga hesabu mwenyewe: siku 15 na ushei. Hadi mzee anaamka, ilikuwa imesogea makala 400. Yaani imefika kwa mbuzi.

Nikaingia kwenye seva, safari hii nikisoma jina la dirisha kwa sauti, nikaamuru drush sapi-i, iindeksi zote kwa mkupuo. Asilimia zikaanza kupanda. Ilipofika 38, LUKU ikaisha. Ruta ikazima, mawasiliano na seva yakakatika, na amri ikafa nayo. (Fundi yeyote hapa atauliza kwa nini sikuiendesha ndani ya screen, programu inayoiacha amri iendelee kwenye seva hata mawasiliano yakikatika. Sikuiendesha.) Nikanunua umeme kwa simu, nikaanza kubonyeza zile tarakimu 20 kwenye mita. Ikakataa. Nikarudia, ikakataa. Mara ya tatu mke wangu akanisukuma pembeni, akaingiza kwa mkono mmoja, mwingine umebeba mtoto. Bahati nzuri kilichokwisha kuindeksiwa hakipotei, ukiamuru tena kazi inaendelea ilipoishia.

Nilipofika ofisini saa tatu, habari ilikuwa imenitangulia. Mzee alishaulizia korido nzima ni nani mwingine kafutwa. Waandishi vijana wakajitafuta, wote wakakuta "Hakuna matokeo", maana walikuja kazini miaka mingi baada ya mbuzi. Mmoja nilimkuta anatia kikombe chake na chaja kwenye rambo. Na getini alikuwa amesimama mama ntilie wetu, daftari la madeni kwapani.

"Nasikia mmefutwa wote. Lipeni kwanza ndio muende."

"Mama, tumefutwa kwenye indeksi tu."

"Huko mimi sikujui. Daftari langu halijafutwa."

Alilifungua. Kurasa zimekunjwa kona, kila idara na mkunjo wake. Hata sijamaliza kujitetea, kidole kilishatua kwenye jina langu: supu mbili, chapati nne, Jumanne, elfu saba. Sijawahi kuona utafutaji wa haraka namna ile. Nikalipa hapo hapo, na wa idara ya michezo nyuma yangu wakaanza kupekua mifuko.

Saa sita mchana ikagonga 100. Mzee akaniita ofisini kwake. Jina lake lilikuwa limerudi na makala zote, naye anazipitia polepole, miwani imeshuka hadi puani. Akafika chini kabisa, akanyamaza kidogo.

"Bwana mdogo. Huyu mbuzi, hawezi kufutwa peke yake?"

"Mzee wangu," nikamwambia, "mimi kufuta nimeacha."