Kitabu cha hesabu hakipimwi kwa kusomwa tu

Mwalimu wa hesabu wa mwanangu alikiona kitabu cha Gredi ya 7 siku ileile watoto walipokiona. Maboksi yalishushwa, karatasi za kupokea zikatiwa sahihi, na kesho yake akaingia nacho darasani. Nilipomuuliza kama angekichagua yeye mwenyewe, alijibu kwa upole, "Mzazi, sisi hatuulizwi. Tunaletewa."

Jibu hilo limenikaa rohoni. Huyu ndiye anayesimama mbele ya watoto kila siku, ndiye tunayemlaumu matokeo yakiwa mabaya, na katika safari nzima ya kitabu kutoka kwa mwandishi hadi kwenye dawati, yeye ni mtu wa mwisho kukifungua.

Tazama ukurasa wa kugawanya kwa sehemu. Unaanza na kanuni: geuza sehemu ya pili juu chini, kisha zidisha. Mfano mmoja, halafu rundo la maswali. Mwanangu alifuata kanuni vizuri, akapata kwamba 3 ukigawanya kwa 1/2 ni 6, kisha akakwama. "Kugawanya si kupunguza? Mbona jibu limekuwa kubwa kuliko tulichoanza nacho?" Swali zuri kuliko yote yaliyokuwa kwenye ukurasa ule, na kitabu hakikuwa na neno la kumwambia. Mwalimu ndiye aliyemwambia. Alileta gorogoro, kopo la kupimia nafaka, darasani, akauliza: ukiwa na gorogoro tatu za mahindi, na kila mtu anapewa nusu gorogoro, watapata watu wangapi? Watoto wakahesabu wenyewe wakafika sita. Jibu limekuwa kubwa kwa sababu sasa tunahesabu watu wanaopokea nusunusu.

Mwalimu alijua kwamba watoto wangekwama pale. Kila mwaka wanakwama palepale. Huo ni ujuzi ambao huupati kwa kusoma mswada ofisini, hata uwe na shahada ngapi za hisabati, kwa sababu msomaji anayejua hesabu tayari anaupitia ukurasa ule bila kujikwaa. Kanuni ni sahihi, jibu ni sahihi, mchoro upo, mada imo kwenye mtaala. Anatoa alama, anafungua ukurasa unaofuata.

Na ndivyo vitabu vyetu vinavyochaguliwa. Wachapishaji wanapeleka miswada KICD, taasisi ya kukuza mitaala ya Kenya, majopo yanaisoma na kuipa alama, bei inaangaliwa, kinachoshinda kinachapishwa. Tangu Januari 2018 serikali inanunua moja kwa moja kwa wachapishaji na vitabu vinaletwa hadi shuleni. Ndani ya majopo wamo walimu, sikatai. Lakini mwalimu aliyekaa mezani na mswada ni msomaji kama wasomaji wengine. Mpe darasa la watoto hamsini na kitabu hicho kwa muhula mmoja, ndipo atakuambia kinafaa au hakifai.

Najua watakaonikumbusha tulikotoka. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, kila mwanafunzi alitengewa shilingi 1,020 kwa mwaka, na 650 kati ya hizo zikaingia kwenye akaunti ya SIMBA kwa ajili ya vitabu na vifaa. Shule ilikuwa na kamati yake ya kuchagua, walimu na wazazi pamoja, ikifungua Orange Book, orodha ya serikali ya vitabu, na kuchagua miongoni mwa vilivyoidhinishwa. Ndiyo, kulikuwa na wizi. Kulikuwa na walimu wakuu waliogawana na wenye maduka, na vitabu vilivyokuwepo kwenye risiti tu. Kununua kwa pamoja kumeshusha bei na kumewapa watoto wengi kitabu cha mkononi badala ya kuchungulia kimoja watatu, na hilo sitaki lirudi nyuma. Ila dawa ya wizi wa fedha ilikuwa kumwondolea mwalimu mkuu hundi. Sioni kwa nini mwalimu wa hesabu alinyang'anywa sauti yake pia.

Tatizo la kupima vitabu kwa macho halikuanzia kwetu. Mwanafizikia Richard Feynman, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1965, aliwahi kukaa kwenye tume ya kuchagua vitabu vya hisabati vya jimbo la California. Yeye alivisoma vyote. Alikuta kitabu kilichotaka watoto wajumlishe halijoto za nyota, hesabu ambayo haina maana yoyote kwa mtu yeyote. Akakuta pia kwamba kitabu kimoja kilikuwa kimepewa alama na baadhi ya wapimaji ilhali nakala iliyopelekwa ilikuwa jalada tu, kurasa za ndani nyeupe, kwa sababu mchapishaji hakuwahi kukimaliza kwa wakati.

Miaka hiyohiyo ya 1960 hisabati mpya, mtindo wa kufundisha hesabu kwa kuanzia na dhana kama seti, ilitua huku kwetu. Warsha kubwa ilifanyika Entebbe mwaka 1962 kwa ufadhili wa Wamarekani, vitabu vikaandikwa kwa ajili ya nchi nyingi za Afrika, na watoto wa vijijini wakaanza kujifunza seti. Wazee waliosoma enzi hizo wanakumbuka walimu waliokuwa wakihangaika na somo ambalo wao wenyewe hawakuwa wamelielewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kenya ikaitupilia mbali. Kizazi kizima kilikuwa kimeshapita.



Ninachotaka kinatekelezeka. Miswada inayofaulu kwa jopo ipelekwe madarasani kabla ya kutangazwa mshindi: shule za Kwale, Turkana, Eastlands, Nyamira, shule za kawaida zenye madarasa yaliyojaa, si zile za kuonyeshea wageni. Muhula mmoja unatosha. Walimu waandike ni ukurasa gani watoto walikwama, swali gani waliuliza, wapi mwalimu alilazimika kukifunga kitabu na kutafuta njia yake. Taarifa hizo zihesabiwe kwenye alama kwa uzito ule ule wa bei, na zichapishwe ili mzazi yeyote aweze kuzisoma. Mchapishaji naye apewe nafasi ya kurekebisha kurasa hizo kabla mamilioni ya nakala hayajapigwa chapa.

Itachelewesha vitabu. Itaongeza gharama. Mwaka ujao mwalimu yule ataingia Gredi ya 7 na gorogoro yake tena, na nataka KICD iende ikakae nyuma ya darasa imsikilize.