Januari watoto hawapotei, wanabadilisha saa

Kila mwenye kituo cha kulelea watoto ninayemfahamu hapa Dar es Salaam anaijua hofu ya mwisho wa mwaka. Desemba shule zinafungwa, nyumbani wanakuwepo kaka na dada wa kumshika mdogo, na wengine wanapandishwa basi kwenda kwa bibi kula sikukuu. Januari waliofikisha umri wanaandikishwa darasa la awali shule ya serikali, ambako tangu 2016 hakuna ada. Kwa wanaobaki, wazazi wana sare, viatu na madaftari ya wakubwa wa kununua, na mambo yakibana ada ya mdogo ndiyo inayokatwa kwanza. Unabaki na watoto nusu, walezi wale wale, na mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Wengi wetu hapo tunakimbilia mambo mawili: tunashusha ada, tunamsimamisha mlezi mmoja. Naamini yote mawili yanaua kituo haraka kuliko uchache wenyewe wa watoto.

Chukua mfano wa kituo chenye watoto 20, kila mmoja analipiwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Hiyo ni 1,200,000. Wakibaki 12, unapata 720,000. Ukishusha ada hadi 45,000 ili uvutie wengine, wale 12 uliokuwa nao tayari wanakupa 540,000 tu, na unahitaji watoto wapya wanne ili ufike pale pale ulipokuwa kabla ya kushusha. Hao wanne wanakula. Wanatumia maji, sabuni na mkaa, na wanahitaji mikono ya mlezi. Watoto wakirudi kujaa mwezi wa nne, jaribu kumwambia mzazi kwamba ada imepanda hadi 60,000. Kwake imepanda kweli, hata kama kwako imerudi tu.

Kumwondoa mlezi ni kubaya zaidi. Mama anapokuja jioni hakagui vitabu vyako vya hesabu. Anamkagua mtoto. Anaona nepi iliyolowa hadi kwenye suruali, uji uliokaukia shavuni tangu saa nne, na macho mekundu ya mtoto aliyelia bila kubebwa. Hatakugombeza. Atasema asante anti, atamfunga mtoto mgongoni, na Jumatatu hutamwona. Wiki hiyo hiyo majirani zake watatu watajua kwa nini.

Mahali pa kutazama ni kwenye saa. Vituo vingi vinafungua saa moja na nusu asubuhi na kufunga saa tisa au saa kumi, kwa kuiga shule. Lakini mama lishe anawasha jiko kabla jua halijatoka. Mchuuzi wa samaki anatakiwa awe soko la samaki la Feri alfajiri, maana akichelewa anakuta samaki wazuri wameshanunuliwa. Nesi wa zamu ya mchana anatoka usiku umeingia. Kina mama hawa wote wana watoto na wote wanahitaji pa kuwaacha, ila saa zetu haziwafai, kwa hiyo wanamwachia jirani au binti wa miaka kumi. Sisi tumekaa na vitanda vitupu tukisema mtaani hakuna watoto.

Yule aliyehamia darasa la awali ndiye ninayemfikiria zaidi. Anatoka darasani kabla ya saa sita mchana au karibu na hapo, na mama yake hatoki kazini hadi jioni. Saa zote hizo yuko wapi? Novemba alikuwa wako. Anawajua walezi, anajua godoro lake, anajua zamu ya kunawa mikono. Mpokee kwa nusu siku, kwa ada ya nusu siku. Chakula kinapikwa hata hivyo, na mlezi unamlipa hata hivyo. Kinachoongezeka ni mtu wa kwenda kuwachukua shuleni kwa miguu na kuwavusha barabara, na hili lisifanywe kwa mazoea: majina yawe yameandikwa, mwalimu awe anamfahamu anayewachukua, mzazi awe ameridhia kwa maandishi. Kwenye barabara zetu zenye bodaboda pande zote mbili sitaki kuona mlezi mmoja anavusha watoto wanane.

Januari pia ina watoto wapya ambao hatuwatafuti. Dada wa kazi anakwenda kijijini Krismasi, anaahidi kurudi tarehe tano, harudi. Mwajiri wake anahangaika wiki nzima, anaomba ruhusa kazini, anampeleka mtoto kwa shangazi. Mama huyu hana haja ya kufungwa na fomu ya muhula mzima na ada ya usajili. Anataka wiki moja, aone. Mpe hiyo wiki. Mtoto akizoea, mara nyingi haondoki hata dada mwingine akipatikana.

Kuna na wachanga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mtoto bado hajafikisha miezi mitatu na mama anatakiwa kazini. Uhitaji upo mwezi wowote wa mwaka, Januari na Juni zikiwemo. Lakini mchanga si wa kupokelewa kimyakimya ili kuziba pengo. Anataka chumba chake, mlezi wake, na mahali safi pa kuhifadhi maziwa aliyokamua mama. Kituo kinasajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye wa kuongea naye kabla hujapanga vitanda, asije akakukuta tu siku ya ukaguzi.

Kuhusu malipo, mama mmoja anayeuza samaki aliniambia: "Anti, elfu sitini kwa mpigo sina, ila elfu tatu kila jioni ninayo." Nimeona hivyo kwa wengi. Kipato chao ni cha siku, na ada ya mwezi inawakuta mifukoni hamna kitu. Kwa siku ishirini na mbili za kazi elfu tatu inafika 66,000, zaidi kidogo ya ada ya mwezi, na sioni dhuluma, maana siku asipokuja halipi na wewe nafasi yake umeiweka. Masika mvua ikimwagika na mitaa ikajaa maji, ndipo unapoona umuhimu wa kuwa na wa siku na wa mwezi pamoja, kwa sababu wa mwezi wameshalipa hata wasipofika.

Sikubaliani na wenzangu wanaojibu uchache wa watoto kwa kujifanya shule: sare, kazi za nyumbani, kiingereza, majoho ya mahafali kwa mtoto wa miaka minne. Unashindana na shule kwa kazi ya shule, na ya serikali haina ada. Kazi yetu ni malezi. Serikali yenyewe ilipozindua programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, Desemba 2021, iliweka afya, lishe, malezi yenye mwitikio (mlezi kuitikia anachohitaji mtoto), ujifunzaji wa awali na ulinzi katika kapu moja. Mtoto aliyeshiba, aliyelala na aliyeimbiwa amefanyiwa kazi kubwa.

Kwa halmashauri nina ombi. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu inatufaa sana sisi, tukijiunga wenye vituo wa kata moja. Mkopo ukitoka Oktoba tunalipa pango na kuandaa chumba cha wachanga. Marejesho naomba yaanze Aprili.