Miezi mitatu ya kulalamika: saa ianze lini?

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema wazi kuhusu notisi ya kuachishwa kazi. Aliyepita miezi sita kazini anastahili wiki mbili. Akitimiza mwaka, mwezi mmoja. Miaka mitano, miezi miwili. Kumi na kuendelea, miezi mitatu. Bosi asiyetaka kumwona tena kesho anaweza kumlipa badala ya notisi. Hapo wengi hawana ugomvi.

Ugomvi uko kwenye kulalamika. Anayeona amefukuzwa kwa uonevu ana miezi mitatu tu ya kumfikia afisa wa kazi wa serikali (aliyetumika chini ya wiki 13 hana hata hiyo). Waajiri wana hoja, nami siibezi. Mwenye duka Kikuubo, Kampala, akishtakiwa baada ya miaka miwili, msimamizi aliyeshuhudia kisa keshahama na daftari la mahudhurio halionekani. Atajitetea kwa nini?

Lakini tazama miezi hiyo inavyoliwa. Mlinzi wa usiku anaambiwa kwa mdomo, "Nenda nyumbani, tutakupigia." Anatulia, maana bado anadai mshahara wa mwezi uliopita na hataki kumuudhi anayeshika pesa. Simu haiji. Afisa wa kazi yuko makao makuu ya wilaya, na nauli ya kumfuata ndiyo pesa ya chakula nyumbani. Akija kushtuka, muda umekwisha. Sheria inaruhusu kuchelewa kwa sababu ya haki, ila kuithibitisha ni juu yake, na wengi hawajui kama ruhusa hiyo ipo.

Afisa naye ana siku 90. Zikipita bila uamuzi, mlalamikaji anaweza kwenda Mahakama ya Kazi. Yaani mfanyakazi akichelewa, anahatarisha dai lake; ofisi ikichelewa, anayehangaika ni yule yule mfanyakazi.

Mimi nisingeifuta miezi mitatu. Ningeifungamanisha na sharti lililomo tayari katika sheria hiyo hiyo: notisi iwe ya maandishi, kwa lugha ambayo mhusika anaweza kuielewa. Pasipo barua, siku zisihesabiwe. Waajiri watauliza, na yule anayetoroka asiipokee je? Basi ujumbe uliotumwa kwenye simu yake, wenye tarehe, utoshe kuanzisha hesabu. Anayeweza kumtumia mlinzi zamu ya usiku kwa WhatsApp hashindwi kumtumia na hiyo.