Walinunua kifaa cha kuwaambia wafungue dirisha

Kwenye ukumbi wa chakula wa shule ya msingi ninayofanya kazi hapa Leicester, Uingereza, kuna kiboksi cheupe cha plastiki, juu ya kabati la sahani, chenye namba na taa. Kinapima kaboni dayoksaidi, yaani pumzi ambayo waliomo ndani wameshaitoa. Namba ikiwa mia nne na kidogo, hiyo ni hewa ya nje kabisa. Ikivuka 800 ujue mmeanza kupumuliana. Ikifika 1,500 na kuganda hapo, maelekezo ni mfungue madirisha. Juzi mchana ukumbi umejaa watoto, nusu yao wanakohoa, namba imepita 1,900 na taa nyekundu inawaka. Nikafungua dirisha. Mwalimu mmoja akaja nyuma yangu akalifunga, eti baridi. Nikafungua tena, nikamwonyesha kiboksi. Akafunga, akaniambia hicho kitu ni cha enzi za Corona.

Mwenzangu wa jikoni, mama wa Kihindi aliyezaliwa Mombasa na Kiswahili chake bado kitamu kuliko changu, akanivuta mkono: "Mwanangu, wacha. Hao na madirisha yao."

Nikaacha. Lakini nimerudi nyumbani na hasira, na hasira yenyewe ndiyo hii mnayoisoma.

Maana viboksi hivyo havikudondoka kutoka mbinguni. Agosti 2021 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba itagawa kama 300,000 mashuleni, kwa pauni milioni 25. Pauni milioni 25, jamani, za kuambiwa kwamba hewa imekwisha humu ndani. Mimi nimesoma shule ya msingi Singida. Waliosoma Singida hawahitaji maelezo. Madirisha yalikuwa nondo na wavu, kioo tulikiona kwa mganga mkuu wa wilaya. Juu ya madirisha matofali ya matundu, juu ya matofali ukuta unaishia bila kugusa bati, na hakuna dari. Upepo wa Julai ukiingia unaondoka na daftari lako, unaondoka na vumbi la chaki, unaondoka na kikohozi cha jirani yako wa dawati. Kile kiboksi ungekiweka pale kingesoma mia nne na kidogo mpaka betri ife.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika: huyu naye, kaenda Ulaya kuosha masufuria, leo anasifia umaskini wetu. Subiri kidogo, tutafika. Na ndiyo, naosha masufuria.

Shule za huku zilifungwa Ijumaa ya tarehe 20 Machi 2020, isipokuwa kwa watoto wa wauguzi, madereva, wauza vyakula na wengine ambao kazi zao hazisimami. Sisi wa jikoni tulibaki. Ilikuwa ni kunawa na kufuta, kunawa na kufuta. Kila meza, kila kitasa, kila mpini wa kijiko, mpaka ngozi ya vidole vyangu ikabanduka kwa dawa. Tarehe 28 ya mwezi huo huo Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa huu hausambai kwa hewa, na Julai wanasayansi 239 walipoandika barua ya wazi kupinga, sisi bado tulikuwa tunafuta meza. Ilipita karibu mwaka mzima zaidi ndipo shirika hilo likaandika bila kumumunya kwamba unasambaa kwa hewa. Ndipo huku wakakumbuka madirisha, na hapo wakagundua kwamba mengi, hasa ya ghorofani, yamewekewa kizuizi yasifunguke zaidi ya upana wa kiganja, mtoto asije akaanguka. Januari 2021 shule za msingi zilifunguliwa Jumatatu ya tarehe 4, jioni Waziri Mkuu akatokea kwenye televisheni, Jumanne zikafungwa hadi tarehe 8 Machi. Waliporudi, watoto walisoma wamevaa makoti, wengine glovu, dirisha likiwa wazi kwa upana huo wa kiganja. Nilikuwa nawapelekea sandwichi darasani, maana kundi moja halikuruhusiwa kukutana na jingine, nakuta mwalimu ana blanketi miguuni.

Sasa kuna tarehe moja sitaisahau. Jumatatu ya tarehe 29 Juni 2020, Tanzania ilifungua shule zote. Siku hiyo hiyo usiku, Leicester tukaambiwa ugonjwa umepamba moto kwetu kuliko kwingine Uingereza, kwa hiyo mji wetu peke yake unarudishwa ndani na shule zake zinafungwa tena. Asubuhi wifi yangu, ambaye ni mwalimu wa darasa la nne kule kwetu, kanitumia picha ya watoto wamepanga foleni kwenye ndoo ya koki. Usiku mimi nikamtumia picha ya mtaa mtupu. Akanijibu, "Pole wifi, njooni huku tumepona."

Hapo ndipo huwa nagombana na pande zote mbili.

Wifi hakuwa mjinga, anajua alichokuwa anakisema na alichokuwa hakisemi. Namba zetu zilikwisha kutangazwa mwanzoni mwa Mei, wagonjwa 509 na vifo 21, zikakaa hivyo hivyo zaidi ya mwaka. Baadaye, mwanzoni mwa 2021, misiba ilipofuatana na kila marehemu alikuwa na changamoto ya upumuaji, mwalimu aliyetaka kuita kitu jina lake alijua atajibu wapi. Kwa hiyo wifi alifanya hivi: alitoa madawati nje, akayapanga chini ya mkwaju ulioko nyuma ya ofisi, akafundishia hapo hesabu na Kiswahili kila siku ambayo mvua haikunyesha. Mwalimu mkuu alipomuuliza sababu akasema joto. Mratibu wa elimu kata alipopita akasema joto. Mwezi wa Juni, Singida, watoto wamevaa sweta, joto! Wakamwelewa, wakanyamaza, na madarasa mengine mawili yakahamia kwenye mwembe.

Mwanamke huyo hana kiboksi wala semina. Wakati huo tulichohimizwa kutwa ni kupiga nyungu, yaani ujifungie ndani ya blanketi na mvuke, na yeye anawatoa watoto wa watu nje kwenye upepo. Kenya nako, hayati Profesa George Magoha, wakati huo Waziri wa Elimu, aliposema wengine watasomea chini ya miti, watu walimcheka wiki nzima. Nyinyi mliocheka, nendeni mkasome: Wajerumani walifungua shule ya msituni Charlottenburg mwaka 1904, London ikafuata 1907, sababu ikiwa kifua kikuu na watoto dhaifu. Hapa hapa Leicester ilikuwepo moja, Western Park, tangu enzi za miaka ya 1930, ya mbao, upande mmoja unafunguka wote. Walilijua jambo hili, wakalisahau, wakalinunua upya kwa pauni milioni 25.

Haya, nimesikia. "Kama hewa yenu huko mbovu na yetu nzuri, mbona unakaa huko?" Nakaa kwa sababu ya mshahara, na wewe unajua, maana uliniomba ya kiwanja.

"Na mbona nyinyi mmekufa wengi kuliko sisi?" Kweli, Uingereza imezika zaidi ya laki mbili, na wengi walikuwa wazee ambao sisi hatunao kwa wingi huo. Lakini mwenzangu, tuliacha kutangaza hesabu tukiwa na 21. Tunashindana kwa daftari gani? Mimi sisemi nani kashinda. Shule ya hapa, mtoto mmoja akikutwa na Corona, mzazi alipata ujumbe kwenye simu kabla hajamaliza kupika chakula cha jioni: darasa fulani, mtoto abaki nyumbani hadi tarehe fulani. Hilo niliwaonea wivu, na bado nawaonea. Shule ya wifi mzazi aliambiwa na mbao za jeneza. Basi hawa walikuwa na taarifa hawana upepo, sisi tulikuwa na upepo hatuna taarifa, na mtu akiniuliza ningechagua nini kwa wanangu nitamjibu kwamba ni swali la kijinga, vyote viwili havina gharama.

Ila kilichoniuma zaidi nilikiona nilipokwenda likizo. Mnakumbuka ule mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa 2021, dola milioni 567.25, shilingi trilioni 1.3 hivi, ambao sehemu yake ilijenga madarasa 15,000? Elfu kumi na mbili sekondari, elfu tatu vituo shikizi vya shule za msingi. Naupongeza, nasema kwa sauti ili nisije nikaitwa mpinzani. Januari 2022 mtoto wa kaka yangu aliingia kidato cha kwanza siku moja na wenzake wote, bila kusubiri chaguo la pili kama tulivyosubiri sisi. Kaka alinipeleka kuyaona. Kuta zimenyooka, rangi mbili, sakafu ya vigae, kibao cha UVIKO-19 mlangoni. Nikajisikia fahari kweli, mpaka nikaingia ndani saa saba mchana.

Dari ya jipsamu, chini kuliko bati la zamani kwa urefu wa mtu mzima. Matofali ya matundu hakuna. Madirisha ya aluminiamu, yale ya kusukuma, vioo vyeusi. Sasa dirisha la kusukuma, hata ukilifungua lote, nusu yake imefungwa. Ndivyo lilivyoundwa! Na kwenye yale niliyoyashika, mawili kifungio kimevunjika, kimekwama katikati. Wanafunzi wamekaa wamebanana, jasho linawatoka, mmoja anakohoa kile kikohozi cha muda mrefu ambacho kwetu kila mtu anakijua na hakuna anayekitaja. Darasa limejengwa kwa fedha za ugonjwa wa hewa, na hewa haiingii.

Nikawauliza kwa nini hawakuweka luva, yale madirisha ya vipande vinavyogeuka, au wangebakiza matundu juu. Mkuu wa shule, mtu mstaarabu, akanijibu, "Dada, ramani imetoka juu." Kamati ya ujenzi je? "Kamati ilitaka ya kisasa." Hapo mjumbe mmoja akaniangalia kwa jicho lile la kwamba huyu kaja na viatu vya Ulaya kutunyima vioo. Na namwelewa! Mimi mvua za Machi zimeninyeshea daftari la sayansi mpaka wino ukayeyuka, najua nondo na wavu maana yake nini. Sijasema turudi kwenye wavu. Nasema dirisha la kisasa linalofunguka lote lipo, luva zipo tangu mkoloni, na fundi wa Singida mjini anazitengeneza.

Tena si maneno yangu ya jikoni. Kuna watafiti waliopima vyumba 70 kwenye hospitali 8 za Lima, Peru, matokeo yakatoka 2007. Wodi za kizamani, dari ndefu na madirisha makubwa, zilipitisha hewa kuliko wodi mpya, na kuliko hata vyumba vyenye mashine, yakifunguliwa tu. Walikuwa wanahangaika na kifua kikuu. Na sisi kifua kikuu hakijatuaga. Corona imepita na kelele zake, lakini mtoto wa kidato cha kwanza anakaa humo miaka minne, na mwalimu mpaka astaafu.

Wiki iliyopita kaka kanipigia. Wanafunzi wa lile darasa wameng'oa vioo viwili vya nyuma, wameviegemeza ukutani vizuri kabisa, havijavunjika. Mkuu ameita ni uharibifu wa mali ya umma, kila mzazi achangie elfu tano ya fundi wa kuvirudisha. Nimetuma elfu tano ya kaka na ya majirani wawili. Nimemwambia asiwe na haraka ya kuipeleka, angalau mvua zianze.