Ukienda Ulaya kwa miezi, ondoka Agosti inapoisha

Mimi nasema wazi, mtu aliyepata nafasi ya kuzunguka Ulaya miezi miwili au mitatu asiondoke Julai na asiondoke Desemba, aondoke wiki ya mwisho ya Agosti, aanzie juu kaskazini halafu awe anashuka kusini taratibu huku baridi ikimfuata nyuma. Watu wetu wanajibana miaka, wanaweka hela, viza inatoka kwa mbinde, halafu safari yenyewe wanaenda kuitumia kwenye mwezi wenye foleni ndefu na bei kali kuliko yote kwa sababu tu kuna mtu kawaambia nenda wakati wa joto ndo utaenjoi. Inaniuma kweli.

Hilo joto lenyewe tuliongelee kidogo. Sisi wa Dar na Mombasa tunajiona tumeshalizoea, lakini tarehe 25 Julai 2019 Paris ilifika nyuzi 42.6, Uingereza Julai 2022 ikavuka 40 kwa mara ya kwanza tangu waanze kupima, na kisiwa cha Sicily kule Italia, upande wa Siracusa, mwezi Agosti 2021 ilipimwa 48.8. Na shida sio namba peke yake, shida ni nyumba, maana zile nyumba zimejengwa ili zitunze joto wakati wa baridi. Paris vile vyumba vya ghorofa ya juu kabisa, vya chini ya paa la zinki, ndo mara nyingi utavikuta vya bei nafuu, sasa ingia humo Julai: dirisha moja dogo, kiyoyozi hamna, paa limepigwa jua tangu asubuhi, na usiku ukilala ule moto wote unakushukia kichwani. Athens nako joto likizidi wanaifunga Acropolis, yale magofu ya kale ya kilimani, saa za mchana, yani umetoka Nairobi mpaka pale unaambiwa rudi jioni.

Halafu kuna suala la likizo za shule, na hapa ndo siri yenyewe ilipo. Watu wengi wanadhani Ulaya nzima inapumzika pamoja na kurudi kazini pamoja, sio hivyo. Ufini na Uswidi watoto wanarudi shule ndani ya Agosti, wakati Bavaria kule Ujerumani likizo inakwenda mpaka katikati ya Septemba. Italia nao wana sikukuu ya Ferragosto tarehe 15 Agosti, siku ambazo mjini maduka ya mtaani yamefungwa na kila mtu yuko ufukweni. Kwa hiyo ukianzia Stockholm au Helsinki mwisho wa Agosti unakuta wenyeji wameshatulia na kazi zao, hewa bado nzuri, mchana bado mrefu, na kila unaposhuka unafika sehemu ambayo wageni wameanza kuondoka. Copenhagen, Berlin, Prague, Vienna, kisha unavuka milima kabla theluji haijafunga barabara za juu za Uswisi, Oktoba uko Italia au Ufaransa ya kusini, Novemba unamalizia Andalucía kusini mwa Hispania au Ureno. Na bahari ya kule inachelewa kupoa, maji ya Septemba Ugiriki yana joto kuliko ya mwanzo wa Juni, kwa hiyo anayetaka kuogelea hakosi kitu.

Munich tu ndo uwe makini, Oktoberfest, ile sherehe yao ya bia, pamoja na jina lake inaanza Septemba na vyumba siku zile bei inapaa vibaya mno, pita mapema au ruka kabisa.

Kitu ambacho sioni watu wakikisema ni mwanga. Sisi tumezaliwa na mchana wa saa kumi na mbili na mwili umezoea hivyo. Stockholm mwezi Juni jua linazama saa nne usiku linarudi saa tisa na nusu alfajiri, unalala umefunika macho kwa kitambaa. Desemba ni kinyume, linachomoza saa tatu kasorobo asubuhi na kabla ya saa tisa alasiri limeshazama, yani umetoka kula chakula cha mchana na giza limeingia, na mgeni aliyelipa hela yake kuja kuona mji anajikuta anaona taa. Sasa karibu na tarehe 22 Septemba mchana na usiku vinakaribia kulingana Ulaya nzima, juu na chini, unaamka na kulala kama uko Tanga. Na kwa sisi tunaosali hii sio jambo dogo hata kidogo, maana Juni kule juu Isha na Alfajiri karibu zinakutana, msafiri anayetembea mchana kutwa kwa miguu anachoka hasa, ila Septemba na Oktoba vipindi vyote vitano vinakaa kwenye saa zinazoeleweka.

Chakula pia. Septemba zabibu zinavunwa, sokoni kuna plamu, uyoga, maboga ya kila rangi, bei inashuka kwa sababu vitu viko vingi. Lisbon kuanzia Oktoba wanatoka wauza chestnati na mikokoteni yao ya kuchomea, moshi mweupe umetanda kona nzima ya barabara, anakuchotea za moto zilizopasuka ganda zina chumvi kwa juu, anakufungia kwenye karatasi iliyokunjwa koni, unatembea nazo huku unamenya kama mtu wa Forodhani na njugu zake.

Mvua ipo, sitadanganya. Septemba 2024 Poland, Cheki na Austria zilipata mafuriko makubwa, na Oktoba 29 mwaka huo huo Valencia ilipigwa na mvua iliyoua watu zaidi ya 200. Venice nayo kuanzia vuli maji ya bahari yanaweza kupanda mpaka ndani ya uwanja wa San Marco, Novemba 2019, kabla vizuizi vipya vya bahari havijaanza kutumika, yalifika sentimita 187 juu ya usawa wao wa kupimia. Kwa hiyo Venice iweke mwanzoni mwa Oktoba, usiisogeze Novemba, na mamlaka zikitoa tahadhari ya mvua sehemu yoyote usiwe mbishi, ahirisha treni, kaa ndani. Lakini mvua ya siku mbili katika safari ya miezi naivumilia kuliko miezi miwili ya foleni na jua la utosi.

Kwenye viza hesabu zinakaa vizuri pia. Schengen, yani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, wanakupa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180, siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa, na tangu Oktoba 2025 wameanza kuandikisha wageni kwa alama za vidole na picha mpakani, kwa hiyo kompyuta ndo inahesabu na haina huruma. Ukiingia tarehe 25 Agosti siku yako ya 90 ni tarehe 22 Novemba, kama walikupa zote, maana wanaweza kukupa pungufu, soma stika yako ya viza vizuri. Maombi yanapokelewa miezi sita kabla, kwa hiyo wa Agosti mwisho anaanza kuhangaikia miadi Machi, asingoje Julai. Uingereza na Ireland kila mmoja ana viza yake, na ukibanwa na siku 90 za Schengen, London inaweza kuwa mwisho wa safari bila kula hata siku moja ya hizo.

Wenye watoto wa shule najua hii ratiba haiwafai. Wa Tanzania nyie chukueni mwanzo wa Juni shule zikifungwa tu, maana Ufaransa wanafunga Julai na Uingereza nao kuelekea mwisho wa Julai, mnapata wiki mbili tatu nzuri kabla wimbi halijaja. Wa Kenya wa likizo ya Agosti ni ngumu zaidi, hapo ningesema nendeni kaskazini tu, Norway, Uswidi, Ufini, muiache Roma kwa mwaka mwingine.

Nguo usikanunue kule. Pita soko la mitumba, Karume au Gikomba, mapema, tafuta koti jepesi la mvua, sweta mbili za sufu na viatu visivyopitisha maji, unavaa moja juu ya nyingine na kuvua kadiri unavyoshuka kusini. Tiketi ya ndege nayo iangalie mapema sana, kwa sababu ndugu zetu wa diaspora waliokuja nyumbani Julai na watoto wanarudi siku hizo hizo za mwisho wa Agosti na ndege zinajaa, ukiona bei imekataa kabisa sogeza mpaka wiki ya kwanza ya Septemba na uanzie Copenhagen badala ya Helsinki.