Choki haijawahi kuua injini

Vijiwe vya bodaboda hapa Arusha vina imani moja ngumu kung'oa: choki, kile kifaa cha kuongezea injini petroli ikiwa baridi, inakula mafuta. Ukinunua pikipiki ya mkononi usishangae kukuta kile kimkono cha choki kimefungwa waya, na fundi anakwambia kabisa, "Hiyo achana nayo." Halafu ifike Julai, saa kumi na moja alfajiri, Sakina nzima iamshwe na mtu anayepiga kiki huku kavuta resi hadi mwisho. Mimi nasema kinachokula mafuta, na injini pamoja nayo, ni hizo resi.

Petroli haiwaki ikiwa matone, inawaka ikiwa mvuke. Asubuhi ya nyuzi 12 au 13, kabureta ni baridi na silinda ni baridi, kwa hiyo petroli nyingi inanata kwenye kuta za njia ya hewa kama umande na plagi inaletewa hewa tupu. Choki inaongeza petroli ili hicho kidogo kinachogeuka mvuke kitoshe kushika moto. Pikipiki nyingi zina choki inayofungua njia ya pembeni ya petroli, na njia hiyo inategemea mvuto wa injini wakati resi imefungwa. Ukivuta resi unaua mvuto, unabaki unapiga kiki bure na kulaumu betri.

Kwa hiyo: koki ya mafuta wazi, choki juu, mkono mbali na resi, kiki. Ikishawaka, sikiliza. Mwanzoni mlio unapanda wenyewe, kisha injini inaanza kuwa nzito, inakohoa, na moshi mweusi unatoka kwenye eksozi. Hapo inakuomba utoe choki. Wanaosema choki inakula mafuta wengi wao ni wale wanaoisahau hadi sokoni Kilombero. Plagi inakuwa nyeusi tii, na petroli isiyoungua inaosha oili kwenye silinda. Hilo ni kosa la mkono, si la choki.

Arusha yenyewe inachangia mkanganyiko. Tupo kama mita 1,400 juu ya bahari, mgandamizo wa hewa ni pungufu ya Dar kwa karibu asilimia 15. Kabureta iliyosetiwa Dar huku inatoa petroli nyingi mno kwa hewa iliyopo, hata bila choki. Ndiyo maana huku choki nusu mara nyingi inatosha. Na ukiwa umeshazidisha mpaka unasikia harufu ya petroli, toa choki, fungua resi yote, piga kiki kadhaa injini ivute hewa. Hapo tu ndipo resi ina kazi.

Kundi la pili linaniudhi kidogo tu: wanaoiacha inaunguruma robo saa "ipate moto". Dakika moja inatosha ikishakaa sailensi, yaani kuunguruma taratibu bila kuguswa resi, bila choki. Baada ya hapo ondoka taratibu, gia za chini, bila kuikamua kwenye mlima wa kwanza, maana oili nzito kama 20W-50 inachelewa kufika juu kwenye vali asubuhi ya baridi. Injini inapata moto vizuri ikitembea kuliko ikisimama. Lakini mwambie hayo dereva wa hesabu, anayempelekea mwenye pikipiki pesa! Ringi za pistoni zikiisha ni za bosi, yeye anawahi abiria.

Lipo moja ambalo silichukulii utani. Kwa kuogopa wezi, wengi wetu tunalaza pikipiki ndani, sebuleni au kwenye korido ya nyumba ya kupanga. Baridi ikizidi, mtu anaiwashia humo humo, mlango umefungwa, watoto wamelala chumba cha pili. Moshi ule una gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua, na injini yenye choki inaitoa kwa wingi zaidi. Isukume hadi nje kwanza, hata kama kuna manyunyu, ndipo upige kiki.